Mashine Iliyoshika Sabato

Keumbu, 14 Machi 1999

Kwako Baba Bitutu,

Salamu zivuke maji zikufikie huko Amerika. Sisi tuko. Ndizi zimezaa, na Bitutu ameota meno mawili, anamuuma mama yako kidole.

Uliposema kwa simu kwamba unaniandikia imeli kila Jumamosi na zinarudi, niliumia. Unajua Mukesh, tajiri wangu wa duka kule Kisii, ameweka mashine yake mwenyewe ya kupokea imeli, na sote tunajifunza tu kwa kitabu. Tulibadilisha waya, tukaandika anwani upya, wapi! Halafu Ijumaa moja jioni akanikuta naizima mashine, kama nilivyozoea kila Ijumaa.

"Sheila, unafanya nini?"

"Sabato inaingia. Nayo ipumzike."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Hata kompyuta umeibatiza? Ikilala, nani atapokea imeli?"

Basi sasa inawaka Sabato nzima, na mimi nikiwa kanisani namwomba Mungu anisamehe. Kila Jumamosi imeli zinaingia: za Karan, ndugu yake Mukesh wa Nairobi, hata za watu wa matangazo. Yako hakuna. Juzi Mukesh alikagua tena, akafunga kitabu. Safari hii hakucheka.

"Mashine ni nzima, mama," akasema polepole.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Jumamosi ijayo pia nitaiacha ikiwaka, Baba Bitutu. Kama huna maneno, andika hata jina la mtoto tu.

Ni mimi mkeo,
Sheila