Baba Amekataa Kupanda Gari Lake Mwenyewe

Mama Sinyati, shikamoo. Nakuandikia nikiwa gereji, mikono ina grisi, ukiona karatasi imechafuka unisamehe, maana nyumbani siwezi kuyaandika haya bila mke wangu kuyasoma.

Mimi ni Sylvesta, nina miaka arobaini na sita, fundi wa magari ya watalii hapa Karatu. Baba yangu, mzee Yohani, alikuwa fundi wa shamba la kahawa Oldeani, na meneja Mwingereza alipoondoka nchini alimwachia gari lake dogo la spoti, Triumph TR4 la mwaka 1963, viti viwili, wazi juu, ambalo baba amelitunza zaidi ya miaka hamsini na mimi sijawahi kuona jingine. Sasa baba ana miaka themanini na mbili na kumbukumbu zinamtoka, nyumbani ananiita Lazaro, jina la mdogo wake aliyefariki zamani, lakini kila Jumapili baada ya misa nilikuwa namketisha kwenye hilo gari tunapanda hadi lango la Ngorongoro na kurudi, na tukishaanza mlima, Mama Sinyati, injini ikinguruma, baba ananigeukia na kusema, "Sylvesta, shusha gia," na hapo ninakuwa mwanawe kwa nusu saa nzima, ananisimulia hata jinsi alivyomchumbia marehemu mama yangu, Laurencia.

Mwezi wa pili maji yakaanza kuingia kwenye oili, nikafungua injini, nikakuta slivu, zile silinda za ndani ambamo pistoni hucheza, zimeliwa na kutu, nikaandikia maduka ya Uingereza wakaniambia nisubiri miezi, na siku hiyo baba akasimama mlangoni mwa gereji, akaitazama injini iliyo wazi, akasema, "Nenda Endabash kwa Clemensi. Lile trekta." Nikamjibu, "Baba, msimu wa kulima bado," mafundi wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nikaona baba hana miezi ya kusubiri, nikachukua injini ya Kijapani kutoka gari lililopata ajali, nikaifunga humo, nikamdanganya kwamba ni ile ile, nimeisafisha tu. Jumapili akakaa, nikawasha, akasikiliza kidogo, akafungua mlango akashuka. "Kijana," akaniambia, "gari hili umelitoa wapi? Mrudishie mwenyewe kabla hajaenda polisi." Tangu siku hiyo hapandi, na mimi siitwi tena Sylvesta wala Lazaro, ni "kijana" tu, na kila asubuhi anapita kwa majirani akiuliza kama wameliona gari lake. Mke wangu Marsela ananiambia, "Baba Witness, afadhali ungemwacha asubiri." Mwenye hoteli mmoja anataka kuliweka bustanini kwake watalii walipige picha, na mnunuzi wa vyuma chakavu anaiulizia injini ya zamani iliyolala pembeni. Je, niuze vyote yaishe, au niendelee kumwambia ni lile lile mpaka azoee? Nisaidie, maana nimempoteza baba yangu na bado anakula mezani kwangu.

Jibu la Mama Sinyati

Marahaba, Sylvesta, ingawa umri wetu unakaribiana na sijui nani angemwamkia nani. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukuchapa. Mara ya pili nililia pale kwenye nusu saa ya mlimani, kwa hiyo nakukaripia nikiwa na macho mekundu.

Ulifanya haraka kwa sababu unampenda. Hilo nakupa. Lakini sikiliza: ulimwandikia muuza duka wa Uingereza asiyekujua, ukalingoja jibu lake kwa heshima zote, na fundi aliyeilea injini hiyo nusu karne amesimama mlangoni mwako unamtania habari za kulima! Huu ni ugonjwa wetu sote. Mzee akianza kusahau majina, tunamfutia na ujuzi wake wote, tunamsikiliza kama redio iliyosahaulika imewashwa.

Unajua baba yako alikuwa anasema nini? Mimi si fundi, ila nasoma, na nisichokielewa nauliza. Nimempigia simu fundi mstaafu wa matrekta. Injini ya gari lako na ya yale matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson zilitoka ukoo mmoja, na slivu za trekta zimewahi kuokoa magari kama lako. Si kila kipuri kitaingia. Utapima, kazi hiyo unaijua. Lakini mzee hakuwa anaota. Alikupa dawa, kijiji, na jina la mtu.

Na wala hajakataa kupanda gari lake. Amekataa kupanda gari asilolijua na mtu anayemdanganya. Wewe ungepanda?

Mwenye hoteli mwambie hapana, kwa simu, bila "nitafikiria". Akitaka pambo la bustani apande maua. Injini ya zamani iingize ndani uifunike, yule wa vyuma chakavu asiione tena. Jumamosi mkalishe baba yako kiti cha mbele katika gari lolote, mwende Endabash kumtafuta Clemensi au watoto wake. Mwache yeye aelekeze njia. Akikosea kona, kosea naye, kisha geuza. Mkipata slivu, mrudishie injini yake, na kila nati unayofunga awe amekaa karibu, umuulize. Usimuulize kumpima akili. Muulize kwa sababu hujui, na kweli hujui.

Sikuahidi kwamba atakuita kwa jina. Huenda injini ikanguruma mlimani naye akabaki kimya, na itakuuma sana. Lakini mtakuwa mmefanya kazi pamoja, na mikono ina kumbukumbu zake.

Kabla ya yote hayo, leo hii, nenda ukamwambie: "Baba, nilitoa injini yako bila kukuuliza, kisha nikakudanganya. Nisamehe." Sema kwa sauti unayotumia kwa mtu mzima. Pengine atakusamehe, na kesho asubuhi atakuwa amesahau, atatoka tena kwenda kwa majirani. Basi mfuate huko, umwombe tena.