Uzi wa Baba na Mishale Niliyoikwangua

Waithaka, Nairobi, Jumapili alasiri, katikati ya Julai. Leo ni miaka thelathini na moja na miezi minne tangu nishuke mlimani.

Kaka yangu mpendwa,

Nekesa atakusomea barua hii, kwa kuwa ninajua macho yako hayaoni tena maandishi. Nimemwambia asome kwa sauti, mbele ya yeyote atakayekuwa ameketi barazani pako. Uliponiita nirudi uliniita mbele ya watu, na si haki jibu langu lije kwa kunong'onezwa.

Bintiyo Nekesa alifika hapa Jumatano akiwa na kopo la majani ya chai mkononi. Hata kabla hajaketi akasema, "Baba mdogo, Baba amesema nisikupe hii mpaka unawe mikono." Nikanawa. Ndani ya kopo, katika kitambaa kilicholowa samli, nikaukuta uzi wa upinde wa marehemu baba. Niliutambua kwa kifundo chake cha mwisho, kile cha kuzungusha mara mbili na kurudi chini, ambacho mimi na wewe hatukuwahi kukifunga sawasawa.

Kisha akanipa ujumbe wako, neno kwa neno: shamba limerudi, nyumba ya mabati iko tayari, na pale kando ya kaburi la baba umeacha nafasi ya mtu mmoja. "Mwambie upinde umekaa na uzi wa mjini vya kutosha. Aufunge huu, aone mishale inavyokwenda, kisha aje."

Kaka, niliufunga. Jibu langu linatoka hapo.

Unakumbuka asubuhi tulipoachana njia panda, nyumba zetu zikiwa majivu nyuma yetu na shamba limechukuliwa. Wewe ulikuwa unavuka mto kwenda kwa wakwe zako, mimi nikija Nairobi. Uliuchukua upinde mikononi mwangu, ukaukunja kwenye goti, ukautoa uzi. "Upinde bila uzi ni fimbo," ulisema, "na fimbo haiulizwi maswali njiani." Uzi ukautia mfukoni. Mimi nikabaki na fimbo yangu na mishale tisa ya baba, imeviringishwa ndani ya mkeka. "Tukionana nitakufungia mwenyewe," ukasema. Wewe ulidhani ni majuma mawili. Mimi nilidhani ni moja.

Nimekumbuka pia jinsi uzi ule ulivyotengenezwa. Baba alipota mishipa ya mgongo wa ng'ombe, nyuzi tatu, na wewe ukashika ncha ya pili kwa sababu ulikuwa na nguvu. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Baba aliufunga uzi, akaudonoa kwa kidole, akaniuliza, "Anasemaje?"

"Ananung'unika."

"Basi ameshiba huyu. Aliyeshiba hakimbii." Akaufungua, akapunguza, akaupota upya, mpaka nikasema anaimba. Kati ya yote aliyotufundisha mzee yule, hilo ndilo nililolisahau, na nililisahau kwa sababu ya kazi iliyonilisha.

Kwa miaka ishirini na sita nilijalidi vitabu katika karakana moja katikati ya jiji, orofa ya pili, madaftari ya ofisi mchana kutwa na Biblia za watu zilizochoka. Msimamizi wetu alikuwa na sheria moja: kitabu kikirudi kwa sababu uzi umekatika, fundi ameaibika. Kwa hiyo tuliupenda uzi mnene. Humo humo, katika kamusi iliyoletwa ishonwe mgongo, nilikuta kwamba uzi wa upinde una jina lake katika Kiswahili: upote, kutokana na kupota. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani mjini. Nilirudi Waithaka jioni ile na kibunda cha uzi wa kitani uliopakwa nta, nikapota upote mpya wa upinde wa baba. Nyuzi ishirini na nne, Kaka. Kumi na mbili zingetosha kumvuta ng'ombe. Lakini mimi ni fundi wa vitabu, na sikutaka aibu.

Jumapili iliyofuata nilisimama hatua thelathini kutoka kwenye gunia la maranda nyuma ya nyumba. Mishale ikaenda kushoto, yote, hatua nzima mbali na gunia. Jumapili nyingine vivyo hivyo. Ilikuwa majira haya haya ya baridi na ukungu, na mimi nikailaumu Julai. Nikasema mishale ya baba ilichongwa kwa jua la mlimani, unyevu wa Nairobi umeiharibu. Haukunijia moyoni uzi hata mara moja, kwa kuwa uzi niliupota mimi.

Basi nikachukua kipande cha chupa, nikaukwangua mshale mmoja, wembamba wa karatasi kila upande. Ukasogea kulia kidogo. Nikaukwangua tena. Siku ulipotua katikati ya gunia nilipiga kelele mpaka mke wangu Rael akatoka jikoni na mwiko. Nikaikwangua yote tisa. Na kwa sababu uzi wangu mnene haukuingia vizuri kwenye mkato wa nyuma wa mshale, nikaipanua ile mikato kwa tupa. Hili sijawahi kukuambia. Mishale ambayo baba aliikausha moshini mwaka mzima, niliitia mkono wa mjini kwa alasiri chache.

Sasa Alhamisi nikaufunga uzi wake. Nilisimama mahali pale pale. Rael na Nekesa wakasimama mlangoni, na mwenye shamba la jirani, Mama Wambui, akajiegemeza kwenye ua wake kutazama. Niliudonoa kwanza. Uliimba, Kaka. Ndipo nikavuta.

Mshale wa kwanza ukaruka ukitikisa mkia kama samaki, ukapita kulia, ukavuka ua. Wa pili ukaufuata. Wa tatu pia.

"Mzee," Mama Wambui akaita, "hiyo mshale yako inapenda maharagwe yangu kuliko hiyo gunia."

"Pole, Mama Wambui."

"Pole ya nini? Wewe piga tu. Lakini nikisikia ng'ombe imelia, tutaongea."

Rael naye akaongeza, "Baba Ruth, rudisha ile uzi ya vitabu. Hii ya kwenu imezoea swala, haijui gunia ni nini."

Nekesa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekwisha kuelewa.

Mshale hauendi moja kwa moja, ingawa macho hudanganyika. Uzi unapousukuma kwa nyuma, kichwa chake kizito bado hakijaondoka, basi unapinda, unauzunguka mwili wa upinde kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, kisha unajinyoosha mbele ya safari. Ukisukumwa polepole haupindi vya kutosha, unaupiga upinde ubavuni, na kwa sisi tunaovuta kwa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Ukisukumwa kwa kasi kuliko ugumu wake, unapinda mno, unakwenda kulia. Uzi mnene ni mzito, na upinde hutumia sehemu ya nguvu zake kuubeba uzi wenyewe kabla ya kuubeba mshale. Uzi wangu ulikuwa umeshiba. Mishale ya baba ilionekana migumu kwa sababu ilisukumwa kivivu, basi nikailegeza ili ilingane nao. Sasa uzi wake mwembamba ulipoisukuma kwa kasi yake ya zamani, haikuweza kuistahimili. Na ndani ya mikato niliyoipanua, uzi ule ulichezacheza kama mguu wa mtoto katika kiatu cha babake.

Nilimweleza Nekesa haya yote. Akauliza swali ambalo wewe ungeuliza: "Si ukwangue tena, Baba mdogo, irudi vile ilikuwa?"

Nikamwambia mti ukikwanguliwa haurudi unene wake.

Aliuviringa uzi kidoleni. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo nitamwambia Baba?"

"Hapana. Hiyo nitamwandikia mwenyewe."

Ijumaa nilirudisha uzi wa kitani. Mishale tisa, hatua thelathini. Minane ilijaa katikati ya gunia, na wa tisa ukaingia pembeni kwa kosa la kidole changu cha uzeeni. Mama Wambui akasema, "Sasa umekuja nyumbani, Mzee." Alikuwa anazungumzia mishale, na maharagwe yake. Lakini nimelibeba neno lile siku mbili, na sioni mahali pa kulibishia.

Usidhani ninakuandikia kwa huzuni. Kuna siku ningeifunga barua hii kwa machozi, na siku hizo zimepita. Ninakumbuka harufu ya moshi wa mishale, na jiwe lile ulilozoea kunoa kisu ukiwa umeliketia, na sauti yako ukiniita kutoka ng'ambo ya mto, ukivuta silabi ya mwisho. Vitu hivyo ninavyo. Lakini mwili huu umekwanguliwa kwa miaka thelathini na moja ili uruke sawasawa hapa. Rael hajui njia ya kisima chenu. Binti yetu Ruth anafanya kazi Muthangari, papa hapa jijini, na kila Jumamosi wanawe hunijia hapa wakiuliza babu yuko wapi, nami nipo. Pale mlimani ningepita kulia, Kaka, kwenye maharagwe ya watu wasionijua.

Ninaurudisha uzi wa baba katika kopo lile lile. Nimeupaka samli mpya, na kile kifundo sikukigusa. Uchongewe upinde mwingine huko, na wajukuu wako wachonge mishale yao. Lakini waambie waufunge uzi kwanza, ndipo wachonge. Waiache mishale minene, waipige, watazame inakokwenda, ndipo washike kipande cha chupa. Mshale ukienda kushoto, waupime uzi kabla ya kuulaumu mti. Na awepo mmoja wa kusikiliza.

Nafasi uliyoniwekea kando ya baba, jiwekee wewe uliyemlinda. Nikifa nitazikwa huku, na upinde huu utabaki kwa Ruth ukiwa na uzi wa vitabu, kwa sababu ndio unaolingana na mishale yake.

Ninakushukuru kwa kuutunza uzi ule miaka yote hii ili unifungie mwenyewe. Kwaheri, Kaka. Nikumbuke katika udogo wangu, nikiwa nimekuinamia begani, nikisikiliza.

Sitarudi.

Mdogo wako uliyemwachia ziwa,
Wanyonyi