Mradi wa Naliaka

Jumatatu, 2 Juni
Kompyuta ishirini, wasichana arobaini na watatu. Kidato cha Pili wamegombania viti tena. Saa ya chakula Naliaka wa Kidato cha Nne alibaki maabara kama kawaida, akiendelea na mradi wake wa mtihani wa kitaifa: programu ya kuweka rekodi za zahanati. Hatuongei sana. Tangu nihamie Parklands, hakuna mtu ninayekaa naye muda mrefu kumshinda. Ni aibu kuiandika.

Jumatano, 4 Juni
Virusi. Mashine nne zimekwama. Nimezifuta zote, nikaziwekea programu upya. Nimefika nyumbani mapema. Mkate na chai.

Alhamisi, 5 Juni
"Madam, sioni kazi yangu."
Kazi ya Naliaka ilikuwa kwa mashine mojawapo ya zile nne. Kazi ya tangu Februari. Flashi yake iliharibika mwezi jana, nikamwahidi nitamwekea nakala. Sikuweka.
Nikamwambia nitaangalia. Mwongo mimi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimejaribu kuirejesha asubuhi yote. Hakuna kitu. Mwalimu mkuu anataka tuseme ni stima. Stima hupotea kila wiki, nani atauliza? Nilikaribia kukubali. Mchana nikamwita Naliaka.
"Si virusi, si stima. Ni mimi nilifuta."
Hakulia. Alichukua daftari lake akatoka. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 10 Juni
Saa ya chakula, maabara tupu. Amehamia maktaba, anachora upya majedwali yake kwa karatasi. Nilimpigia simu dada yangu aliye Kitui. Alikuwa sokoni, hatukusikiana.

Jumamosi, 14 Juni
Nilimwachia ujumbe kwa mwalimu wa darasa lake: maabara itakuwa wazi. Nilifungua saa mbili. Alikuja saa nne. Nikavuta kiti karibu naye.
"Wacha nifanye mwenyewe, Madam."
Nimekaa mlangoni hadi saa kumi jioni.

Ijumaa, 27 Juni
Amemaliza. Mradi huu ni mdogo kuliko ule wa kwanza, lakini unafanya kazi. Nimeweka nakala tatu akiona. Amesema asante, kwa sauti ile wanayomsemesha nayo mlinzi wa geti, akaenda kwa wenzake.
Nilizima mashine moja moja. Nikapanda matatu hadi Adams Arcade, nikaketi hotelini karibu na dirisha. Mvua nyepesi. Mhudumu akauliza kama kuna mtu namngojea. Nikasema hapana. Akaondoa kiti cha pili, akakipeleka kwa meza ya watu wengi.