Bastola ya Royce kwenye duka la donati

Loretta shoga yangu, sijui nicheke au nilie.

Si Royce mume wangu leo kaenda kununua donati na bastola kiunoni, nje nje. Eti hapa Texas kubeba silaha hadharani ni haki yake. Mimi kaniweka mbele na simu: "Polisi wakija kunionea, rekodi. Dunia nzima ione."

Wakaja kweli. Nikaanza kurekodi.

Royce mikono juu, anawasomea sheria aliyoikariri bafuni wiki nzima.

Askari kamwacha amalize, halafu kwa upole: "Mzee, bastola haina tatizo. Tumeitwa kwa sababu uzito wake umekuvua suruali."

Royce akageuka kujitazama, Loretta. Makalio yote nje. Mabibi wa kanisani waliokuwa kwenye foleni wameziba macho kwa donati.

Sasa ananibembeleza niifute ile video. Yeye mwenyewe aliyetaka dunia nzima ione.