Kikohozi cha Baba Zuhura

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefua. Nimepika uji, nimekunywa nusu. Saidi muuza dawa ya panya amepita wakati naanika. Spika yake bado ina sauti ya marehemu mume wangu, ile aliyomrekodia mwaka jana: "Panya, mende, kunguni, chawa! Usilale na mgeni ambaye hukumkaribisha!" Wifi yangu, anayekaa nami tangu msiba, akatazama chini. Mimi nikaendelea kuanika. Nimezoea. Kusema kweli huwa naisubiri.

Eda bado ndefu. Sitoki. Mtu asiyetoka hushika simu.

Jumanne, 6 Agosti

Kwenye kundi la mtaa la simuni wamebishana kutwa kuhusu bunduki. Wezi waliingia nyumba iliyo jirani na msikiti, wakachukua mtungi wa gesi. Mmoja akasema kila mwenye nyumba aruhusiwe bastola. Mwenzake akamjibu: "Wewe mkeo akikuchelewesha chai unavunja kikombe. Upewe bastola?" Nilicheka. Mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikaona aibu.

Baadaye wakahamia kamera. Huyu anataka kamera kwenye nguzo, yule anasema huko ni kuchunguliwa na serikali mpaka bafuni. Hapa mtaani hakuna nguzo iliyosimama wima.

Marehemu mume wangu, Baba Zuhura, alipenda ubishi wa barazani lakini hakuwa mbishi. Alimsikiliza kila mtu, akampa kila mtu haki yake, akaenda zake kuswali.

Jumatano, 7 Agosti

Binti yangu Zuhura amerudi kutoka kazini Kurasini, kwa wakala wa forodha. Uso umemshuka. Baada ya kula akanionyesha video. Kuna kijana wa Tabata anajiita Kaka Mitambo. Amechukua sauti ya baba yake akaitia kwenye wimbo wa singeli, ule wa mbio mbio. Panya panya panya, mende mende. Watu wanacheza. Hilo pekee lingenichekesha.

Lakini aliyempa rekodi alimpa ile ndefu, isiyokatwa. Mwishoni Baba Zuhura anakohoa. Kijana amekichukua kikohozi akakirudiarudia mpaka kimekuwa ngoma. Wachezaji wakifika hapo wanashika kifua, wanainama, wanainuka. Wanafunzi wenye sare. Bi harusi. Mlinzi mmoja kwenye geti la nyumba kubwa huko Msasani.

Hapo kikohozi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Sisi tulidhani ni vumbi. Mwezi wa sita kikamchukua.

Nataka kitoke. Hilo tu. Wimbo ubaki, kikohozi kitoke.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu. Zuhura yuko nyumbani. Nimeandika chini ya ile video. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: "Mwanangu, huyo anayekohoa ni mume wangu. Amefariki. Nakuomba ukitoe kikohozi. Wimbo sina neno nao. Mimi Mama Zuhura wa Tandika."

Nikaenda kuswali alasiri. Nimerudi, majibu yamejaa. Pole mama, pole mama. Wengi hao. Kisha wengine.

"Bi mkubwa sema tu unataka mgawo."

"Siku hizi kila mtu mtandaoni ni mjane."

"Kukohoa nako kuna hatimiliki? Basi mie nadai chafya."

Hiyo ya chafya imependwa sana. Kaka Mitambo mwenyewe ameweka alama ya kucheka, basi.

Ijumaa, 9 Agosti

Wanaojibu wamekuwa wengi kiasi kwamba hawabishani tena na mimi. Wanabishana wao kwa wao, mie nimekaa pembeni kama mwenye msiba ambaye chakula kimemuishia.

Mmoja anasema muuza dawa ndiye aliyelipia, kwa hiyo sauti ni mali yake. Mwingine anasema hapana, ni ya msemaji, na akifa ni ya warithi, sheria ya hakimiliki ipo, nendeni mkasome. Wa tatu anasema kompyuta sasa zinaweza kutengeneza sauti ya mtu yeyote, kwa hiyo mjadala wote umeshapitwa na wakati.

Yupo anayejiita Mdomo Huru. Huyu hatukani. Ndiyo maana ananichosha kuliko wote. Ameandika kwamba tukianza kumkataza kijana wa Tabata kuchezea sauti, tumefungua mlango. "Leo kikohozi cha mzee wetu, kesho kikohozi cha mheshimiwa." Nimesoma mara nyingi. Ana ukweli wake. Nilitaka kumjibu kwamba mheshimiwa akikohoa yuko mtu wa kumletea maji. Nikaona hilo si jibu. Nikaandika: "Sitaki sheria. Naomba tu." Akasema ombi likiungwa mkono na watu wengi nalo hugeuka kuwa sheria.

Sikuelewa. Nimezima simu. Kichwa kinauma.

Jumapili, 11 Agosti

Shemeji amekuja, kaka mkubwa wa marehemu. Amekaa ukumbini, mimi chumbani, pazia katikati. Kuna mtu alimwonyesha maandishi yangu baada ya swala ya Ijumaa.

"Shemeji," akasema, "eda ni kutulia. Mwili umetulia, kidole kinazurura."

Nikamwambia nimeomba kikohozi cha ndugu yake kiheshimiwe. Akasema, "Muombee dua. Yatosha. Wanaume wasiokujua wanakujibu wanavyotaka, na jina la Tandika umeliandika."

Hakuwa mkali. Ameacha kilo za mchele na sukari. Alipoondoka nilikasirika. Yeye ananinyamazisha mimi. Mimi namnyamazisha kijana wa Tabata. Tofauti ipo. Najua ipo. Kuisema siwezi.

Jumatatu, 12 Agosti

Zuhura ameripoti ile video. Simu ikamuuliza kama sisi ndio wenye haki. Akabonyeza ndiyo haraka haraka. Nikamuuliza una hakika?

"Mama, kama si sisi ni nani? Kunguni?"

Mwanangu naye amechoka. Anasema ofisini wanacheza ile ngoma wakati wa chakula cha mchana. Hajawaambia kuwa ni baba yake.

Jumatano, 14 Agosti

Sina la kuandika, nimekumbuka siku ya kurekodi.

Ilikuwa chumbani kwetu. Alitundika blanketi dirishani ili mtaa usiingie. Joto. Jasho linamtiririka utafikiri anabeba magunia. Akaniambia nisitwange. Nikasimama jikoni na mchi mkononi nikisubiri ruhusa. Ile ya mgeni ambaye hukumkaribisha aliitunga yeye. Alijivuna nayo wiki nzima. Akasema, "Mama Zuhura, watu wakinisahau, kunguni watanikumbuka."

Saidi alimlipa soda na nauli. Baadaye wenzake Saidi wakaja wakanakili. Hakuna aliyeona tatizo. Sauti yake Tandika nzima, yeye mwenyewe amekaa nyumbani anakunywa kahawa. Alikuwa akiisikia ikipita anainua kidole, kama mtu anayeitwa jina shuleni.

Alhamisi, 15 Agosti

Video imeondolewa. Zuhura alipiga kigelegele peke yake, akakumbuka tuko kwenye eda, akajiziba mdomo.

Za wale waliokuwa wanacheza bado zipo, ila sauti imetolewa. Nimetazama moja. Bi harusi na wenzake wanashika vifua, wanainama, wanainuka, kimya kabisa. Ni mbaya zaidi. Nimeifunga.

Mtandaoni wananiita Mjane Kaua Ngoma. Mmoja amewaonya watu wote wenye rekodi ya marehemu wazifute, familia ina wakili. Hatuna wakili. Kaka Mitambo ameandika maneno mawili: "Sawa. Mmeshinda."

Sioni nilichoshinda.

Jumamosi, 17 Agosti

Saidi amepita. Ndani ya spika alikuwa mwanamke. Si mtu, ni kompyuta. Anatamka panya na mende kama mgeni anayesoma kibao cha barabarani. "Ndugu mteja, je, unasumbuliwa na wadudu?"

Nilisimama dirishani. Wifi akasema labda spika imeharibika. Sote tulijua haikuharibika.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemtuma wifi amsimamishe Saidi. Akasimama nje ya mlango, mimi nyuma ya pazia.

"Shikamoo bi mkubwa. Msinishtaki. Nimeshafuta."

"Umefuta nini?"

"Sauti ya mzee. Sie tulisoma kwenye kundi familia ina wakili. Tumekutana wote wa dawa, Tandika na Mtoni, tumefuta mbele ya macho ya wenzetu ili mtu asije akamchoma mwenzake kwa polisi. Fundi simu katutengenezea huyu dada wa kompyuta."

"Hukubakisha hata moja?"

"Nibakishe nifungwe, bi mkubwa?"

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyeniletea habari njema. Akampa wifi pakiti za dawa ya panya, pole yake kwetu.

Simu ya Baba Zuhura tulimpa mpwa wake siku ya kugawa nguo. Ilisafishwa kabla ya kukabidhiwa. Nimempigia. Hakuna kitu. Zuhura ana picha tu. Mimi nina picha tu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuweka sauti ambayo ilikuwa inapita dirishani bure.

Niliomba kikohozi kitoke. Ametoka yeye mzima.

Jumanne, 20 Agosti

Nimelia kuliko siku ya mazishi. Siku ile kulikuwa na watu wa kuhudumia, maji ya kuchemsha, mikeka ya kutandika. Leo hakuna kazi. Yule dada wa kompyuta amepita na kurudi.

Nina hasira na wote. Na Mdomo Huru na uhuru wake. Na Saidi na woga wake. Na mimi.

Jumatano, 21 Agosti

Mtu mmoja tu lazima awe nayo. Zuhura hataki hata kusikia. "Mama, tumemfungia ngoma yake, leo tukamwombe?" Nikamwambia wewe usimwombe, nitaomba mimi.

Sikuandika mbele za watu. Nimemtumia peke yake: "Kaka Mitambo, ni Mama Zuhura. Ile sauti nzima ya mume wangu unayo? Huku kwetu imefutwa yote. Usiitupe."

Hajajibu. Nami nisingejibu.

Ijumaa, 23 Agosti

Amejibu.

"Shikamoo mama." Ndivyo alivyoanza. Kule mbele za watu hakuwahi kunisalimu. "Samahani nimechelewa, nilihofia ni mtego. Ninayo. Mie sikujua kama mzee kafariki wakati natengeneza. Nilidhani anasafisha koo, kama washereheshaji kabla hawajashika maiki. Nikaona kuna mdundo. Ulipoandika niliona haya, washkaji wote wananitazama, nikacheka tu. Nisamehe mama."

Kisha akauliza: nikutumie na kikohozi au nikikate?

Nimeweka simu chini ya mto. Nilibishana na watu nisiowajua kuhusu swali hilihili, na leo nimeulizwa kwa adabu.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimemwambia atume mbili. Iliyokatwa nimpe Saidi na wenzake. Nzima anitumie mimi.

Zimefika kabla ya adhuhuri. Akaandika tena, anaomba kuurudisha wimbo bila kikohozi. Anasema bila kile mdundo hauna nguvu lakini atajaribu kupiga debe la maji hapo. Nimefikiri. Nikakumbuka mchi na blanketi na ile fahari ya wiki nzima. Nimemwambia rudisha, lakini andika jina lake.

"La kwenye kitambulisho au la mtaani?"

La mtaani.

Saidi naye ilibidi aambiwe mara tatu kwamba hatafungwa. Mwishowe alitaka asikie kwa shemeji. Nikampigia shemeji. Nilitegemea kukemewa. Akasema, "Mwambie nimeruhusu." Kisha akauliza, chini chini, kama na yeye anaweza kutumiwa.

Jumatatu, 26 Agosti

Wimbo umerudi. "Sauti: Baba Zuhura wa Tandika." Wengine wanasema umepoa. Wengine wanasema Mitambo kanunuliwa. Mdomo Huru ameandika kwa kirefu kwamba hatari si mjane, hatari ni siku wakubwa watakapotumia njia ya mjane. Labda ana haki. Nimeweka alama ya kupenda, aone nimesoma.

Nimetoka kwenye kundi la mtaa. Walikuwa wamerudi kwenye bastola.

Alhamisi, 29 Agosti

Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Zuhura kazini. Wifi amelala.

Saidi amepita. Sauti ilianzia kule dukani kwa mangi, ikafika dirishani, ikaenda zake upande wa sokoni. Pale palipokatwa kikohozi pana kimya kidogo, pumzi moja, kisha anaanza tena na panya.

Nilikuwa nachambua choroko. Nimeendelea kuchambua. Ile nzima ipo kwenye simu, sijaifungua.

Choroko zilikuwa na mawe mengi.