Nyumba ya Mama Ilikuwa ya Nne

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kwamba mashuka ya hospitali hayajakumaliza mikono. Sisi huku hatujambo. Nakutumia habari za kijiji kama zilivyo kwenye ubao wa ofisi yangu, kwa kuwa ulisema zinakuondolea upweke.

Kwanza, pampu ya kisima imepona. Aliyeondoka na mpini ameurudisha kimyakimya, hatumtafuti. Pili, mbuzi wasionekane tena kwenye bustani ya zahanati, wangu mimi mwenyekiti wakiwemo. Tatu, barabara ya zahanati imepitishwa na kamati. Itanyooka kutoka kwenye lami hadi mlangoni. Nne, majengo yaliyo njiani yatapisha, kuanzia nyumba ya mama. Alama nyekundu nimeichora mwenyewe na kutia saini chini yake, maana dereva wa tingatinga hasikilizi hadithi za mtu. Anabomoa penye alama na saini ya mwenyekiti, basi. Nimeanza na mama ili asitokee wa kusema napendelea kwetu. Tano, chanjo za watoto ni Alhamisi.

Mama anakusalimu.

Kaka yako


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Salamu ni wajibu, kwa hiyo nakusalimu. Mimi mzima. Hali yako siiulizi.

Nne. Mama yetu ni nne, kati ya barabara na chanjo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, msimamizi akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia bado.

Matofali ya nyumba ile tuliyafyatua sisi. Wewe ulikanyaga udongo, mimi nikabeba maji huku nalalamika. Dirisha la jikoni limekaa upande mpaka leo kwa sababu uling'ang'ania kuliweka mwenyewe, na baba akakuachia. Sasa unataka kijiji kizima kikuone mtu wa haki, na haki yenyewe unaionyesha kwa mgongo wa mama. Kama ni kupisha, apishe, lakini kwa nini awe wa kwanza? Maduka ya diwani yako pale pale barabara inapoanzia, kwenye lami. Yamepata alama? Usipochora kule, usiguse kwa mama. Yule namjua tangu alipoazima baiskeli ya baba, tukaja kuiona tena imepakwa rangi nyingine.

Halafu unaandika mama ananisalimu. Acha uongo. Mwanamke aliyechorewa mlango na mwanawe hana muda wa kutuma salamu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Barua yako imefika kazi ikiwa imekwisha.

Nimeisoma na imeniudhi. Wewe uko mbali, unakunja mashuka na kutoa amri. Mimi ndiye ninayeamka na watu hawa. Masika yaliyopita mwanamke alijifungua kwenye tope, gari la wagonjwa limezama, sisi tumesimama na mwavuli mmoja. Mtoto hakulia. Mumewe akanitazama mimi, hakukutazama wewe. Ndiyo maana naitaka barabara, na ndiyo maana sikutaka mtu apate kisingizio cha kuikwamisha. Maduka ya diwani yanafuata. Ameahidi mbele ya kamati nzima, akanisihi nisimwaibishe kwa rangi, eti atabomoa mwenyewe.

Nyumba ilikwenda asubuhi moja. Imebaki ngazi ya mlangoni, ile ya saruji, kwa kuwa tingatinga liliharibika likapelekwa kutengenezwa. Mama yuko kwangu, chumba cha mbele, godoro jipya. Hasemi nami. Anaongea na mke wangu, anaongea na watoto, na kuku anawagombeza vizuri tu. Nikiingia mimi ananyamaza. Kila siku anakwenda kukaa kwenye ile ngazi mpaka jua lizame. Wapita njia wanasimama wanapiga hodi hapo pasipo na mlango, naye anawakaribisha. Sipiti tena njia ile.

Kaka yako


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Hukujibu, na sikulaumu.

Wapimaji wamerudi na kamba zao. Barabara imepindishwa. Inaanzia mbele zaidi kwenye lami, inayakwepa maduka ya diwani, inazunguka nyuma ya shule, inapita bondeni kwenye tope lile lile. Kwa mama haifiki hata karibu. Nyumba imevunjwa bure.

Nilimfuata diwani. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu akasema, "Mwenyekiti, mama yako ametufunza kujitolea." Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu, nilitamani kumng'ata ule mkono. Nina hasira mpaka chakula hakipiti, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, sina pa kuipeleka.

Niandikie hata matusi.

Kaka yako


Tarehe 1 Juni

Kaka,

Mimi mzima, ila usingizi sina. Wewe kula, utaanguka bure na diwani afurahi.

Matusi ninayo, namwekea yeye. Niambie kwanza, kwenye ubao umebandika nini? Umeandika barabara imepinda kwa ajili ya maduka ya nani, au umeandika "mabadiliko ya kitaalamu"? Kama ni hayo ya pili, nenda kayabandue kabla hujamaliza kusoma hapa.

Na mama usimwombe radhi kwa maneno. Wewe ukiomba radhi inasikika kama tangazo la mbuzi. Nenda pale kwenye ngazi, piga hodi kama wenzako, umuulize anataka nini. Akikutaka ufanye, fanya. Usiitishe kikao.

Mdogo wako


Tarehe 16 Juni

Mdogo wangu,

Nimekula. Tangazo la ubaoni nalo nimelibandua.

Nilipiga hodi. Alinisimamisha hapo juani kwa muda mrefu, kisha akasema karibu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Ile rangi yako ilibaki?"

Ilibaki nusu kopo. Alilibeba mwenyewe, mimi nikabeba brashi, tukapita katikati ya kijiji, na watu wakaacha shughuli zao wakatufuata. Kwenye maduka ya diwani akachora alama milango yote. Zimekwenda upande kama lile dirisha langu. Kisha akanyoosha kidole chini ya alama ya kwanza. "Tia saini."

Nimetia zote. Ramani iliyopitishwa na kamati ni ile iliyonyooka. Hiyo ya kupinda hakuna aliyeniletea kwa maandishi, na ubaoni nimeeleza hivyo, na maduka ni ya nani nimetaja.

Tingatinga limerudi leo. Dereva yuko hapa nje anamalizia chai, ameziona alama na ameziona saini. Diwani anagonga mlango wa ofisi tangu nilipoanza barua hii. Sijui kesho nitakuwa bado mwenyekiti. Nitamfungulia nikimaliza kuandika, na siandiki haraka.

Mama anakusalimu. Safari hii amesema mwenyewe.

Kaka yako