Salamu Shimoni Kwihara

Tabora

Mpendwa dada Najiat,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila kucha zangu zimejaa udongo hadi sabuni imenyoosha mikono.

Tangu Awadhi wangu afariki na eda yangu kwisha, kila ukipiga simu unaniuliza kama nimeelemewa na upweke, uje unichukue nihamie kwenu Urambo. Nami hukujibu kwamba nyumba haikauki wageni. Hilo nitalirudia.

Mwezi uliopita nilikwenda Kwihara kununua chungu kwa mfinyanzi mmoja, Mama Ngollo. Aliniona nimesimama tu sina haraka ya kuondoka, akanipa bonge la udongo, akaniambia niukande na kuutoa vijiwe. Nikakanda mpaka adhuhuri. Siku hiyo sikutega sikio kumsubiri Awadhi afungue mlango.

Akanialika twende na wenzake kuchimba udongo bondeni. Na mdomo wangu huu unaujua! Nilipowaona wanawake wale wameinama shimoni, furaha ikanipanda, nikawapigia “Asalaam aleikum” iliyosikika bonde zima. Hakuna aliyeitika. Walimwaga udongo wote, wakajitwika vikapu vitupu wakaondoka. Njiani Mama Ngollo alinieleza kwamba pale hapasemwi neno mpaka mzigo uwe kichwani, la sivyo vyungu hupasukia motoni. Nilijua nimeshafukuzwa. Nilifika nyumbani nikalia kama mtoto.

Kesho yake asubuhi Mama Ngollo akapiga hodi kwangu. Alisema wenzake wanamuuliza yule mwenye salamu yuko wapi. Safari hii nilifunga mdomo. Tulichimba kimya, kiwiko changu kikigusana na cha jirani yangu, na kimya kile hakikufanana hata kidogo na cha nyumbani kwangu. Tulipokwisha kujitwika, wote walinigeukia wakaniitikia salamu yangu ya jana, hata wale wa kanisani.

Sasa dada, nisamehe. Tangu eda iishe mpaka hodi ile ya Mama Ngollo, hakuna mgeni aliyekuja kwangu. Zile sauti ulizokuwa ukizisikia ni redio. Naiwasha kabla ya kupokea simu yako. Niliogopa utanihamisha niiache nyumba aliyoijenga Awadhi kwa mikono yake. Upweke bado ninao, hasa jioni nikipakua chakula. Lakini kuhama sitaki. Usije kunichukua, njoo unitembelee.

Chungu kinachokuja na barua hii nimekifinyanga mwenyewe. Shingo imepinda, usinicheke. Anza kwa kukichemshia uji mzito, ndipo vitundu vyake vizibe.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Na siku utakayokuja, usinipigie simu kwanza. Piga hodi tu, nipate kuitikia.

Mdogo wako,
Zamda